Anayetilia Shaka Uraia Wangu Ndiye Alete Ushahidi

Makamanda, wiki hii nimezunguka Sirari na vitongoji vyake nikihimiza watu wajiandikishe kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Kazi yenyewe inachosha miguu kuliko kichwa. Unamkuta mtu kwenye genge lake, unamsalimia, unamkumbusha kuwa uchaguzi ni Novemba 27, unamwelekeza kituo kilipo. Wengi wanakubali. Wengine wanakupasha waziwazi kwamba 2019 wagombea wenu walienguliwa, sasa mnataka tujiandikishe ili iweje. Hayo nimeyazoea, na majibu yake ninayo.

Jibu la kumpa mama mmoja anayeuza ndizi jirani na stendi ndilo sikuwa nalo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapanga ndizi zake upya, halafu akasema, "Mwanangu, mimi pale siendi. Nikienda wataanza kuniuliza mama yangu kazaliwa wapi."

Mama huyo ana wajukuu. Amelipa ushuru wa soko miaka nenda rudi, na hakuna mkusanya ushuru hata mmoja aliyewahi kumuuliza mama yake kazaliwa wapi.

Kwa hiyo leo naomba niache habari za fomu na mawakala, niandike juu ya hofu hii. Sisi wa Tarime tunaijua kuliko Watanzania wengi. Mtu wa Dodoma akiambiwa "wewe si raia" atacheka. Mtu wa Sirari hacheki, anaanza kuhesabu kichwani nani katika ukoo wake bado yu hai anayeweza kumtolea ushahidi.

Nianze na nyumbani kwetu. Baba alizaliwa Tarime mwaka 1957. Babu naye alizaliwa hapa hapa. Bibi alizaliwa Ntimaru, akatolewa ng'ombe, akaja kwa mumewe na mzigo kichwani. Hapakuwa na geti wala mtu wa mihuri. Leo Ntimaru iko Kenya, Kuria Mashariki, kaunti ya Migori. Kwa bibi pale palikuwa kwao tu, na huku palikuwa kwa mumewe, basi. Baba akaingia jeshini, na mwaka 1979 alikuwa ndani ya Uganda na wenzake wakimfukuza Idi Amin. Alirudi na kovu mguuni na redio moja ambayo mpaka leo hatujui aliipataje.

Mwaka juzi dada yangu alifuatilia kitambulisho chake katika ofisi moja ya umma. Ofisi siitaji, maana sina ugomvi na yule kijana wa dirishani. Alikuwa anafuata alichoelekezwa. Aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha bibi. Cheti! Cha mwanamke aliyezaliwa porini enzi za Mwingereza, na ambaye hata umri wake tuliukadiria kwa kutumia mwaka wa njaa. Kesho yake baba akachukua karatasi zake za jeshi akaenda naye. Kijana akazisoma kwa heshima kabisa, akamrudishia. "Mzee, hizi zinaonyesha ulipigana. Hazionyeshi mama yako alizaliwa wapi."

Baba hakubishana. Alizikunja karatasi zake mara nne, akatoka nje. Sijawahi kumwona mzee wangu akitembea vile.

Baada ya miezi kumi na minne namba ilitoka. Hatukuelezwa kilichokuwa kinakosekana ni kitu gani, wala hatimaye kilipatikana wapi. Na katika miezi hiyo yote dada hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, maana tangu 2020 bila namba ya NIDA huna laini. Alitumia laini ya shemeji. Mtu mzima, msomi, anaomba kazi kwa namba ya simu ya mume wa dada yake.

Sasa turudi nyuma kidogo, tujue huu mpaka umetoka wapi. Mwishoni mwa 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa huko Ulaya wakapiga mstari. Ulianzia pwani, ukaja mpaka Kilimanjaro, ukauzunguka mlima ili ubaki kwa Wajerumani, kisha ukanyooshwa moja kwa moja mpaka ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria, pale ulipo mstari wa digrii moja kusini mwa ikweta. Hakuna Mkurya aliyeulizwa. Wanyabasi wakajikuta pande zote mbili. Wairege hivyo hivyo. Wajaluo wa Rorya na ndugu zao wa Migori, hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo wengi hatulikumbuki. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mjerumani alipoondolewa, Mwingereza alitawala pande zote mbili. Kenya koloni lake, Tanganyika amekabidhiwa na Shirika la Mataifa. Kwa miaka arobaini hivi huu mstari ulikuwa kama mpaka wa wilaya na wilaya. Mabibi zetu waliolewa wakavuka katika kipindi hicho. Unapomtaka mjukuu wa 2024 aeleze ni kwa nini bibi yake alivuka mpaka bila karatasi, unamtaka aeleze kosa ambalo siku lilipotendeka halikuwa kosa.

Na sheria yenyewe haikuwa ngumu hivyo. Kwa lugha nyepesi, sheria ya uraia iliyoanza na Uhuru, Desemba 9, 1961, ilisema hivi: mtu aliyezaliwa Tanganyika, akiwa chini ya himaya ya Mwingereza, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Tanganyika, anakuwa raia siku hiyo hiyo bila kuomba. Mzazi mmoja. Baba yangu alilala Desemba 8 akiwa mtu wa himaya ya Malkia, akaamka raia, na kuzaliwa kwa bibi Ntimaru hakukumpunguzia kitu. Kwa hiyo ile karatasi iliyotafutwa miezi kumi na minne hata ingepatikana isingebadilisha chochote. Cheti cha bibi hakikuwa na kazi. Swali lenyewe lilikuwa la bure.

Ndugu zangu, sheria hiyo ilipojadiliwa Oktoba 1961 haikupita kirahisi. Walikuwepo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Wahindi, Waarabu na Wazungu wasubiri. Mwalimu Nyerere alisimama akawakatalia kwa ukali, akasema kuufungamanisha uraia na rangi ya mtu ni njia ile ile ya Hitler. Hapo nchi ilikuwa haijapata Uhuru bado, na angeweza kujipatia makofi ya bure kwa kukubaliana nao. Mwalimu ni mtu wa Butiama, mkoa wetu huu. Ikumbuke hiyo Butiama, nitairudia sasa hivi.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake limo kwenye hukumu iliyo wazi lakini hapa sina haja ya kulitangaza zaidi. Kwa maelezo yake alizaliwa Butiama mwaka 1979. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya mpiga kura na pasipoti ya Tanzania. Mwaka 2012 alikwenda polisi Babati kufuatilia taratibu za ndoa yake. Jamani, ndoa! Pasipoti ikachukuliwa, kwamba uraia wake una mashaka. Akafuatilia miaka miwili. Agosti 2014 akakamatwa, na Septemba akapelekwa Kenya kwamba ni Mkenya. Kenya nao wakasema huyu si wetu, yuko hapa kinyume cha sheria, wakamrudisha. Tanzania haikumpokea.

Mnajua alikaa wapi? Hapa Sirari. Katikati ya geti letu na geti la Isebania, kwenye kipande cha ardhi ambacho si cha nchi yoyote. Tunapita pale kila siku na bodaboda, na mahindi, na kuku wa kienyeji. Ni hatua chache tu. Mtu mzima aliishi pale kwa sababu nchi mbili zilikubaliana juu ya jambo moja tu: kwamba si wao.

Kesi yake ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo Arusha. Hukumu ikasomwa Machi 22, 2018. Nawasihi vijana wa chama muitafute mkaisome, hasa mnaosoma sheria. Serikali ilisema maelezo ya wazazi wake yanagongana. Mahakama ikasema kama mna shaka na uzazi wake, si kuna kipimo cha vinasaba? Kwa nini hamkumpima? Halafu likaja neno ambalo mimi nalitaka liandikwe kwenye kila mlango wa ofisi ya mpakani: mtu akiwa na hati ambazo serikali yenyewe imempa, na serikali hiyo hiyo ikisema sasa si raia, mzigo wa kuthibitisha ni wa serikali. Haumwangukii yule mtu. Mahakama ikaona pia sheria yetu ya uraia ya 1995 ina pengo, kwamba raia wa kuzaliwa akikanwa hana mlango wa mahakama wa kubisha hodi. Ikaiagiza Tanzania irekebishe sheria na imruhusu mwenzetu arudi.

Novemba 2019 serikali ikajibu kwa namna yake. Iliondoa tamko linaloruhusu mwananchi wa kawaida kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mahakama iko Arusha, unaweza kufika kwa basi, lakini Mtanzania akionewa leo hawezi tena kuipelekea kesi yake mwenyewe.

Msidhani mambo haya ni ya Afrika tu. Waliotuchorea mstari nao wana kidonda kile kile. Baada ya Vita ya Pili walileta watu kutoka Jamaika na visiwa vingine vya Karibiani kwenda kujenga Uingereza. Meli iliyopewa umaarufu ni Empire Windrush, ya 1948. Walikuja kihalali, wakaendesha mabasi, wakauguza wagonjwa hospitalini, wakalipa kodi. Miaka ya 2010 serikali yao ikatangaza kuwabana wahamiaji haramu, ikawaamuru waajiri, wenye nyumba na hospitali waulize karatasi. Wazee wa Windrush wakashindwa kuzitoa, kwa sababu walipofika wakiwa watoto hakuna aliyewapa. Kadi zao za kushukia melini, ambazo zingewasaidia, wizara yenyewe ilikuwa imeziteketeza mwaka 2010. Watu wakafukuzwa kazi, wakanyimwa matibabu, na wasiopungua 83 wakaondolewa nchini kwa makosa. Kashfa ilipolipuka, Aprili 2018, waziri wa mambo ya ndani Amber Rudd akaachia ngazi na waziri mkuu Theresa May akaomba radhi.

Angalia tarehe. Hukumu ya Arusha, Machi 2018. Windrush, Aprili 2018. Mwezi mmoja. Siwasifii Waingereza, maana hao hao mwaka 1968 walitunga sheria kwa siku chache tu ili kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasipoti za Uingereza mkononi. Nasema tu kwamba kule waziri alitoka. Hapa sikusikia hata afisa mmoja aliyehamishwa kituo.

Sasa tuseme ukweli wa kisiasa. Swali la uraia halimwangukii kila mtu. Linachagua. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia: Jenerali Ulimwengu, mwandishi ambaye aliwahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, Balozi Timothy Bandora aliyekuwa anatuwakilisha Nigeria, Anatoli Amani, mwenyekiti wa CCM Kagera, na Maudline Castico wa Zanzibar. Balozi! Mtu anaiwakilisha nchi, kisha anaambiwa si nchi yake. Na baadaye ikawaje? Amani akawa meya wa Bukoba. Castico akawa waziri Zanzibar. Kwa hiyo ama nchi ilipata meya na waziri wa kigeni, ama tangazo la 2001 halikuhusu uraia kabisa.

Mwishoni mwa 2017 Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara aliitwa kuhojiwa uraia wake, baada ya kusema nchi inahitaji Katiba mpya. Mwaka 2018 Aidan Eyakuze wa Twaweza alichukuliwa pasipoti, wiki chache tu baada ya taasisi yake kutoa utafiti ulioonyesha kwamba wanaokubali utendaji wa rais wameshuka hadi asilimia 55. Wangepanda hadi 95, nani angekumbuka kuuliza Eyakuze kazaliwa wapi?

Na huku kwetu vijijini halifiki hata magazetini. Ni pingamizi la karatasi moja, linaletwa siku ya mwisho. "Mgombea huyu mama yake ni wa Kenya." Binamu yangu anataka kugombea uenyekiti wa kitongoji mwaka huu. Anapendwa, alisimamia uchimbaji wa kisima mpaka maji yakatoka. Tayari ameshapelekewa salamu na mtu mzima wa upande wa pili: "Mura, fikiria vizuri, tunajua kwa wajomba zako ni wapi." Wajomba zake ni Kehancha, kila mtu anajua, tunawatembelea kwenye misiba! Mtishaji mwenyewe ana shemeji Isebania.

Hapa ndipo ninapoomba nisikilizwe na wa nyumbani, maana nikiishia kuwasema wao nitakuwa nimesema nusu. Makamanda, na sisi tunafanya hivi hivi. Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja, kijiji sikitaji, vijana wetu walimzomea mgombea udiwani wa CCM: "Rudi Kehancha! Rudi Kehancha!" Watu wakacheka, na mimi nilicheka. Nilijua mama yake ni wa kule kama bibi yangu alivyokuwa wa kule, na nikacheka. Nimelala na jambo hilo muda mrefu. Ukilitumia neno hilo dhidi ya mpinzani wako siku ya mkutano, siku ya pingamizi huna pa kusimama. Utamwambia nini msimamizi? Kwamba mama mzaliwa wa Kehancha ana ubaya akiwa wa mgombea wa CCM tu?

Vivyo hivyo neno "mzalendo". Wenzetu wamelifanya liwe na maana ya kunyamaza. Ukisema barabara ya kwenda Mugumu ni mbovu, si mzalendo. Nasi tumejibu kwa kuwaita kila anayehama chama "msaliti wa taifa". Taifa gani? Aliyehama amesaliti chama, na ana haki hiyo, hata ikituuma. Tarime na Serengeti tumeumizwa na wahamaji, sikatai. Lakini kuhama chama si kuhama nchi.

Mwaka 1990 mwanasiasa wa Uingereza, Norman Tebbit, alisema wahamiaji wapimwe kwa timu ya kriketi wanayoishangilia: kama India ikicheza na England unashangilia India, basi hujawa mtu wa pale. Nikisoma habari hiyo huwa nakumbuka Juni 27, 2019, usiku wa Taifa Stars na Harambee Stars kule Cairo. Nilikuwa kwenye kibanda umiza hapa Sirari, tumebanana kama dagaa. Msuva akafunga, tukaruka. Wakasawazisha. Samatta akafunga, tukaruka tena. Halafu wakasawazisha tena, na Olunga akatumaliza, 3–2. Kijana mmoja pembeni yangu alishangilia mabao yote matano! Watu wakamrushia maganda ya karanga. Akasema, "Nyie mna timu moja, mimi nina mbili, leo lazima nishinde." Mwaka uliofuata kijana huyo alikwenda kujitolea JKT. Sasa Tebbit angemweka upande gani?

Najua hoja ya upande wa pili, nami siikwepi. Wapo watu hapa wana kitambulisho cha Kenya mfuko wa kulia na cha Tanzania mfuko wa kushoto. Kenya, kwa Katiba yao ya 2010, wanaruhusu uraia wa nchi mbili. Sisi haturuhusu kwa mtu mzima. Wapo waliopiga kura Isebania na wakapiga Sirari. Nchi ina haki ya kuuliza, na mimi nisingependa kijiji changu kichaguliwe viongozi na watu waliovuka asubuhi kwa njia ya panya. Uliza, lakini uliza kwa utaratibu. Anayeleta pingamizi alete ushahidi siku hiyo hiyo, si uvumi wa kwenye kilabu cha pombe. Ofisi inayoshuku iandike barua yenye sababu. Na neno la mwisho liwe la hakimu, kwa sababu sheria yetu ya sasa inamfanya Waziri ndiye mwenye kauli ya mwisho, na Waziri ni mwanasiasa mwenye chama, sawa na mimi.

Na wanaosema jambo hili haliwezekani waangalie majirani. Wamakonde waliokaa Kenya miaka mingi bila karatasi walitembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi Oktoba 2016, wakadai, wakapewa vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43. Wapemba wa pwani ya Kenya wakafuata mwaka 2023. Na Tanzania hii hii ilipoamua kuwa mkarimu iliweza: mwaka 2014 iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi waliokuja tangu 1972. Najivunia hilo na namwambia kila mgeni. Ila inaniwia vigumu kumweleza mama wa ndizi kwamba nchi iliyoweza kuwapokea watu hao wote inashindwa kumaliza swali la mama yake.

Jambo la mwisho, halafu niwaache. Kule Nyamongo, mtu anayeingia kwenye mawe taka ya mgodi kuokota kipande cha dhahabu anaitwa mvamizi. Kule Mugumu, vijiji vinavyopakana na hifadhi, mtu anayefuata ng'ombe wake aliyepitiliza naye ni mvamizi, ingawa Waikoma na Wanata walikuwepo kabla ya Hifadhi ya Serengeti kutangazwa mwaka 1951. Waathirika wa risasi za mgodini walipokosa pa kusikilizwa walifungua kesi London mwaka 2013, dhidi ya kampuni iliyokuwa ikiitwa African Barrick Gold, na mwaka 2015 ikamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Raia wa Tanzania, aliyeumia Tanzania, anatafuta jaji wa Uingereza. Mnaona kamba ilivyo moja? Huku mpakani unaambiwa wewe ni mgeni wa nchi. Kule mgodini na mbugani unaambiwa ni mvamizi wa ardhi. Kodi tu ndiyo hakuna anayekuuliza unailipa kama nani.

Binamu yangu atachukua fomu. Tumekaa na wazee wawili wa ukoo waliomfahamu babu yake, wameshaweka dole gumba kwenye viapo mbele ya wakili. Tuna cheti chake cha kuzaliwa, cha baba yake, na kiapo cha kuzaliwa kwa babu. Kadi ya kliniki tumeiongeza kwa sababu mama yake aliitunza miaka yote hiyo kwenye sanduku la nguo na akataka itumike.

Nanyi wagombea wetu wote wa kata za mpakani, fanyeni hivyo sasa, msisubiri pingamizi. Jumamosi saa nne asubuhi tutakaa kwenye ofisi yetu ya jimbo na mawakili wawili wanaojitolea. Mje na nakala mbili za kila hati. Asiye na cheti aje na mzee. Mwanachama wa chama chochote anakaribishwa, na nasema chochote, hata yule tuliyemzomea. Yeye nitamfuata mwenyewe nyumbani kwake Ijumaa, maana nina neno la kumwambia kabla.

Mama wa ndizi amesema atakuja akishauza.